Cheti cha Mbwa wa Memsahib

Barua kutoka Uingereza ilifika mwezi wa pili, mwaka 1934. Karani Kepher Amolo aliipokea ofisini pamoja na barua nyingine za shamba, na Memsahib Haddow akaifungua pale pale, akamsomea mumewe kwa sauti kana kwamba karani alikuwa kiti. Kwa hiyo Kepher aliyasikia yote. Serikali ya kwao ilikubali mbwa wake, Topsi, aingie nchini, ila kwa masharti. Asafiri katika sanduku la vipimo maalumu. Akishuka melini asiguse ardhi, bali achukuliwe na mtu mwenye kibali mpaka kwenye banda la karantini, akae humo miezi sita. Na kabla ya kutoka Kenya, daktari wa mifugo wa serikali ampime na kuandika cheti kwamba ni mzima, na kwamba mahali anapotoka hapajaonekana kichaa cha mbwa kwa nusu mwaka.

Bwana Haddow alikuwa amesimamia shamba lile la chai, nje ya Kericho, kwa miaka tisa. Sasa walikuwa wanarudi kwao. Memsahib angetangulia na mbwa mwezi wa tano, bwana angefuata baada ya kukabidhi shamba kwa mwingine.

Aliyemtunza Topsi aliitwa Arasa, Mkisii wa Kitutu, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alikuja kuchuma chai kama wenzake, lakini siku moja bwana alimwona akimtoa mbwa mwiba mguuni bila kuumwa, na kuanzia hapo kazi yake ikawa hiyo. Kila Jumamosi alimwogesha Topsi kwa maji ya moto, akamchana manyoya na kumtafuta kupe masikioni. Alimpenda, na hakuona aibu kusema hivyo. Mkewe Phelis aliendelea kuchuma chai, na mtoto wao Elmina, wa mwaka mmoja na nusu, mgongoni. Nyumba yao katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ilipakana na ya Kepher na mkewe Celine. Celine alikuwa amezaa mtoto wa kwanza mwishoni mwa mwaka uliopita, wakamwita Obonyo, naye alikufa akiwa na wiki saba. Watu waliendelea kumwita Mama Obonyo, na yeye aliendelea kuitika.

Sharti la kwanza kutimizwa lilikuwa la mbwa wa laini. Memsahib aliuliza nani angemhakikishia kwamba wale mbwa wa wafanyakazi hawakuwa na ugonjwa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza, bwana aliamuru wote wauawe. Askari wawili wa shamba walishuka na marungu, lakini mbwa waliwaona mapema wakajificha kwenye chai. Ndipo nyapara akakumbuka kwamba kila jioni Arasa aliwatupia mabaki ya chakula cha Topsi. Akapewa ndoo ya nyama, akaambiwa awaite.

Arasa aliwaita. Walitoka mmoja mmoja wakitikisa mikia, kumi na tisa kwa jumla, na askari waliwapiga wakiwa bado wanatafuna. Aliporudi nyumbani alikuta Phelis amekaa mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka hapo.

“Umewaita kwa majina,” Phelis alimwambia.

Arasa aliweka ndoo chini akaingia ndani. Tangu siku ile laini ilibaki kimya, bila mbwa wa kubweka, asubuhi na jioni, na watu wengine waliacha kumsalimu.

Wiki tano baadaye, Jumamosi asubuhi, Phelis aliteremka mtoni kuchota maji. Alikuwa amemwachia Celine mtoto. Alipokuwa ameinama, mbwa alitokea upande wa pili, mbwa wa manjano ambaye hakuna aliyewahi kumwona, akitembea kama mlevi, kichwa kimeinama na ute unaning'inia. Phelis aliinua mtungi amfukuze. Mbwa hakuogopa wala hakubweka. Alimrukia, akamwangusha, akamng'ata shavuni chini ya jicho na kushikilia, mpaka wanaume waliokuwa wakikata kuni karibu walipokuja wakampiga kwa mashoka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ule ulikuwa ugonjwa gani. Wazee wa Kipsigis waliokuwa wakilisha ng'ombe ng'ambo ya mto walisema mbwa wa namna hiyo ameonekana pia upande wa Mulot, na kwamba ng'ombe wawili walikuwa wamekufa wakilia vibaya. Nyapara alikimbia kwenda kumwambia bwana.

Arasa alikuwa nyuma ya nyumba kubwa akimwogesha Topsi alipoitwa ofisini. Alifika mikono bado ina povu la sabuni. Bwana alikuwa amesimama dirishani, Memsahib amekaa, na Kepher yuko mezani kwake mbele ya taipu. Bwana alisema kwamba amesikia mke wa Arasa ameumwa na mbwa. Alisema amekwisha agiza mzoga uchomwe kwa mafuta ya taa, na Joab, dresa wa shamba, aoshe jeraha kwa dawa. Mambo yamekwisha.

Arasa aliomba aandikiwe ruhusa kwenye kipande chake cha kazi ampeleke mkewe hospitali ya Kericho. Alikuwa amesikia kuna sindano Nairobi, sindano za tumboni, na kwamba mtu akizipata mapema anapona.

Memsahib alimwambia mumewe jambo kwa Kiingereza, polepole, bila kupandisha sauti. Kepher alielewa. Memsahib alikuwa amesema kwamba mwanamke yule akifika hospitali daktari atamwandikia yule wa mifugo siku hiyo hiyo, eneo lote litafungwa kwa miezi sita, na Topsi hatapanda meli. Na kama Topsi haendi, yeye pia haendi.

Bwana aligeuka. “Sikia, Arasa. Ile mbwa hapana kichaa. Ile njaa tu. Lakini kama wewe naogopa, mimi tasaidia. Daktari ya mbwa nakuja Alhamisi. Topsi nakwenda Lumbwa panda treni Jumanne ile ingine. Topsi kwisha kwenda, mimi tapeleka bibi yako Nairobi na pesa yangu. Lakini kama wewe nafanya kelele, hapana ruhusa, hapana kazi, hapana Nairobi. Nasikia?”

Arasa alihesabu siku. Zilikuwa kumi. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Joab, ambaye alikuwa akimfunga Phelis kitambaa usoni, akamuuliza ugonjwa ule huchukua muda gani kabla ya kumshika mtu. Joab alijua kufunga vidonda na kugawa kwinini. Alisema alivyosikia yeye ni siku arobaini. Alilisema bila kusita, kwa sababu aliona jinsi walivyomtazama. Hakujua kwamba jeraha la usoni halingoji kama jeraha la mguuni.

“Siku arobaini,” Arasa alimwambia mkewe njiani kurudi. “Sisi tutangoja kumi.”

Phelis alitembea ameshika shavu. Uso ulikuwa umevimba na alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Alisema kwamba huyo daktari wa mbwa naye ni serikali. Akija Alhamisi, Arasa angeweza kumwambia yeye, mbele ya watu, na bwana asingethubutu kufanya kitu.

Arasa alisema ataona.

Jumatano Kepher alipiga taipu karatasi ambayo bwana alimsomea. Ilisema kwamba mimi, Arasa, mtunza mbwa, nimekaa na mbwa aitwaye Topsi kila siku kwa miaka mitatu, sijamwona akiumwa wala kuuma, na kwamba kwa miezi sita iliyopita sijaona wala kusikia mbwa mgonjwa katika shamba hili. Ilipomalizika Arasa aliitwa, na bwana akamwagiza Kepher amsomee kwa Kiswahili. Kepher alimsomea yote, neno kwa neno, hakuruka kitu. Baadaye alijitetea kwa hilo mara nyingi.

“Hii ya mwisho ni uongo,” Arasa alimwambia.

“Ndiyo.”

“Wewe ungeweka kidole?”

Bwana alikuwa amewasha kiko na kuangalia nje. Kepher alisema mimi sijui, ndugu yangu, mimi nimeambiwa nisome tu. Kisha akasogeza kidau cha wino. Arasa alichovya kidole gumba, akakibandika mahali alipoonyeshwa.

Daktari wa mifugo alifika Alhamisi saa nne, kijana mwenye uso mwekundu wa jua na buti zilizochakaa. Asubuhi ile wachumaji wote walikuwa wamepelekwa kipande cha mbali kabisa cha chai, hata Phelis na kitambaa chake usoni. Daktari alimweka Topsi juu ya meza barazani, akamfungua mdomo, akamtazama macho, akamsikiliza moyo. Topsi alitulia kwa sababu Arasa alikuwa amemshika. Memsahib alileta chai na keki. Daktari alisoma ile karatasi yenye kidole, kisha, badala ya kutia sahihi, akamgeukia Arasa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha bwana.

“Hiki ni kidole chako?”

Arasa aliitikia.

“Nimesikia habari za mbwa huko Mulot. Hapa umeona mbwa yeyote mgonjwa? Mbwa anayetokwa na mate, anayeuma watu ovyo?”

Memsahib alishika birika bila kumimina. Bwana hakumtazama Arasa hata kidogo, alikuwa anabonyeza tumbaku ndani ya kiko kwa kidole.

“Sema kweli,” daktari aliongeza. “Ukisema ndiyo, hakuna mtu atakayekufunga.”

Arasa alifikiria Nairobi. Alifikiria kwamba daktari huyu ataingia motokaa yake baada ya nusu saa na kuondoka, na bwana atabaki. Siku kumi zilikuwa zimebaki tano.

“Hapana, Bwana,” alisema. “Sijaona.”

Daktari alimtazama kidogo zaidi, kisha akafungua kalamu na kutia sahihi.

Jioni Phelis aliporudi kutoka kwenye chai alimuuliza kama alisema. Arasa alijibu kwamba hakusema, akaanza kumweleza sababu, hesabu ya siku, ahadi ya bwana. Phelis alikata ugali akamlisha mtoto, kisha akala wake. Alipomaliza alinawa, akageukia ukuta na kulala. Jambo hilo hawakulitaja tena.

Jumanne Topsi aliondoka. Fundi seremala alikuwa amemtengenezea sanduku la mbao nyepesi lenye matundu ya hewa pande mbili, bakuli la maji lililofungwa lisimwagike, na godoro la pamba. Arasa alikwenda naye mpaka stesheni ya Lumbwa, amekaa nyuma ya lori akiwa ameshika sanduku lisirukeruke kwenye mashimo. Treni ilipoanza kwenda Topsi alilia, na Memsahib, aliyesafiri naye, alimwambia Arasa kutoka dirishani kwa Kiswahili chake kidogo kwamba yeye ni mtu mzuri. Alikuwa na machozi.

Siku ya pili Arasa alisimama nje ya ofisi tangu alfajiri. Bwana alipokuja alisema kwamba hawezi kumpeleka mtu Nairobi kwanza, maana meli bado haijatoka Mombasa, na vyeti vinakaguliwa bandarini. Simu moja tu kutoka hospitali na mbwa atashushwa. Meli itang'oa nanga Jumamosi. Arasa alingoja. Ijumaa ikaja simu ya Memsahib kwamba meli imechelewa siku nne. Arasa akangoja tena, na sasa alikuwa akimtazama mkewe kila alipomeza kitu. Jeraha lilikuwa limefunga vizuri. Phelis alichuma chai, alicheka na Celine walipokuwa wakipepeta mtama, akaanza hata kumlaumu Arasa kwamba anamtazama kama ng'ombe anayeuzwa.

Simu ya kusema meli imeondoka ilifika Jumatano. Bwana alitimiza ahadi yake kwa kiasi. Alimwandikia Arasa ruhusa kwenye kipande palepale, akamwambia atawapeleka yeye mwenyewe Lumbwa kwa motokaa Jumatatu na kuwakatia tiketi ya Nairobi huko, maana Alhamisi na Ijumaa kuna hesabu ya kufunga mwezi na Jumamosi ana mchezo wa tenisi klabuni. Arasa alimwomba walau lori. Lori lilikuwa linabeba majani.

Ijumaa Phelis alisema shavu linamwasha kwa ndani, kama siafu wanatembea chini ya kovu. Jumamosi alikuwa na homa na hakwenda kazini. Jumapili saa sita Arasa alimletea maji kwenye kikombe cha bati, naye akakipokea, akakiinua, koo likamkaza kwa nguvu hata kikombe kikaruka. Alijaribu mara ya pili. Mara ya tatu hakuweza hata kukitazama.

Wote wawili walielewa kwa wakati mmoja. Phelis alikaa kitandani akapumua mpaka alipotulia, kisha akasema kwa sauti yake ya kila siku:

“Mpeleke mtoto kwa Mama Obonyo, kabla sijamsahau.”

Celine alikuja mwenyewe. Phelis hakumbusu mtoto wala hakumgusa. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Alimwambia Celine kwamba Elmina bado ananyonya mchana, na Celine akajibu kwamba yeye bado ana maziwa, hayajakauka. Walitazamana. Kisha Celine akatoka na mtoto.

Kericho mvua hunyesha karibu kila siku mchana ukigeuka, na siku ile haikukosa. Ilianza saa tisa, ikapiga juu ya mabati ya laini, na kila ilipozidi mwili wa Phelis ulijikunja kama upinde, akawa anajirusha ukutani kuikimbia sauti. Joab alikuja na kamba. Phelis alipokuwa na akili zake aliwaomba wakaze zaidi. Alipokuwa hana, alimtukana Arasa kwa Kikisii, matusi ambayo hajawahi kuyatamka, na kuita mbwa wa laini kwa majina, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na tisa. Arasa alikaa naye. Watu walikuwa wamejaa nje wakiwa wamejifunika magunia, hakuna aliyeingia. Kepher alisimama kati yao akasikia majina yale yakiitwa, na alipoondoka alikwenda kujifungia ofisini ingawa ilikuwa Jumapili.

Phelis alikufa Jumanne asubuhi. Walimzika siku hiyo hiyo mwisho wa shamba, mahali ambapo chai ilikuwa haijapandwa, kwa sababu Joab alisema maiti ya ugonjwa ule haibebwi mpaka Kisii. Bwana alituma blanketi jipya na kusema ni shauri ya Mungu.

Arasa hakulala matanga. Jumatano alitembea mpaka Kericho, maili kumi na moja, akauliza ofisi ya daktari wa mifugo, akangoja mlangoni hadi alipofika. Alimwambia kwamba yeye ndiye wa kile kidole. Alimweleza yote: mbwa wa manjano, moto wa mafuta ya taa, Phelis, siku kumi. Daktari aliandika bila kumkatiza. Alipomaliza aliweka kalamu chini, akauliza jambo moja tu, ni kwa nini hakumwambia pale barazani alipomuuliza. Arasa alisema hajui. Ilikuwa kweli, kwa kuwa sababu zote alizokuwa nazo siku ile hazikuwa na uzito tena.

Daktari alipeleka habari juu. Eneo likafungwa. Bwana Haddow aliulizwa, naye akajibu kwa barua ndefu aliyoipiga taipu Kepher. Alisema kwamba ni kweli alisikia mchumaji mmoja ameumwa na mbwa mwenye njaa, lakini katika habari za magonjwa alimtegemea mtunza mbwa, ambaye aliapa kwa kidole chake na kurudia kwa mdomo mbele ya daktari kwamba hakuna mbwa mgonjwa aliyeonekana. Kama kuna uongo, basi ulikuwa wa mtunza mbwa. Karatasi ilikuwepo. Kidole kilikuwepo. Arasa alishtakiwa kwa kutoa tamko la uongo kwa afisa wa serikali.

Kepher aliitwa kuwa shahidi. Alivaa suti yake ya kanisani. Aliulizwa kama alimsomea mshtakiwa karatasi ile kwa lugha anayoielewa, akajibu ndiyo. Aliulizwa kama mshtakiwa alielewa kwamba maneno yale ni uongo, akajibu ndiyo, alisema hivyo mwenyewe. Kisha akaulizwa kama kuna mtu aliyemlazimisha.

Bwana Haddow alikuwa ameketi benchi la mbele, kofia juu ya goti. Arasa alimtazama Kepher. Kepher alitazama mikono yake mwenyewe, ambayo ilikuwa safi, mikono ya karani.

“Sikuona akilazimishwa,” alisema.

Arasa alifungwa miezi minne. Alivunja mawe ya barabara ya Lumbwa. Siku moja daktari wa mifugo alisimamisha motokaa alipomtambua kati ya wafungwa, akamwambia, labda kwa kudhani angependa kujua, kwamba wameandika Uingereza na Topsi ameongezewa karantini, lakini ni mzima na anakula vizuri. Arasa alimshukuru kwa sababu askari wa jela alikuwa anaangalia.

Nyumbani kwa Kepher, Celine hakuzungumza na mumewe kwa siku nyingi baada ya kesi. Alimpikia, alimfulia, na alimnyonyesha Elmina akiwa amempa mumewe mgongo. Mtoto alinenepa. Alijifunza kutembea mbali zaidi, kuvunja kuni ndogondogo, kutaja vitu kwa Kijaluo. Alimwita Celine mama, na Celine kwanza alimsahihisha, baadaye akaacha.

Arasa alitoka jela mwezi wa kumi. Alifika laini asubuhi, wachumaji wakiwa shambani, akamkuta Celine nje anaanika nguo, mtoto ameshika sketi yake. Elmina alimwona mtu mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa, akaficha uso. Celine alimletea kiti na uji. Arasa alikaa, lakini uji hakuugusa.

Alisema amekuja kumchukua mtoto wake, wanakwenda kwa mama yake Kitutu.

Celine alikuwa amejiandaa kwa maneno hayo tangu siku ya hukumu, na bado yalimpata vibaya. Alimsihi kwa utulivu. Alisema mama ya Arasa ni mzee na haoni vizuri, mwaka huu nzige wamekula wimbi lote huko, na mtoto bado ananyonya. Amwache mpaka baada ya mavuno yajayo. Hata kama ni miezi mitatu tu. Hatamnyima. Arasa aweza kuja kumwona kila Jumapili, aweza kulala hapa hapa laini kwa watu wa kwao. Arasa alisikiliza na kujua kwamba kila neno lilikuwa la kweli.

Kepher alikuwa ameambiwa. Alitoka ofisini akaja, akasimama mbali kidogo, kofia mkononi. Alimwita Arasa ndugu yangu.

Arasa hakumgeukia. Alimwambia Celine: “Mama Obonyo, wewe hukunikosea kitu. Lakini mtoto wa Phelis hatakulia nyumba ya mtu huyu.”

“Basi unaniadhibu mimi,” Celine alisema.

“Ndiyo,” Arasa alijibu.

Celine aliingia ndani. Alikaa muda, wakadhani hatoki. Alipotoka alikuwa na furushi la nguo za mtoto, zote zimefuliwa, na chupa ya maziwa ya ng'ombe. Alimwambia Arasa kwamba Elmina hali maharage mpaka yapondwe, na usiku hulala akishika sikio la mtu, amwache alishike. Kisha akamwinua mtoto na kumpa. Elmina alipojua kinachotokea alipiga kelele, akashika nguo ya Celine kwa mikono yote miwili, na Celine mwenyewe ndiye aliyemfungua vidole, kimoja kimoja, kwa kuwa Arasa alishindwa.

Arasa aliondoka kwa njia ya Roret, mtoto amemlaza begani akitazama nyuma. Alisikia hatua za Celine zikiwafuata. Zilifuata mpaka mwisho wa chai, zikafuata kwenye mteremko, hata baada ya daraja. Kepher alikuwa akimwita arudi, na hatua hazikusimama. Arasa hakugeuka. Aliongeza mwendo, akaona aibu, akaendelea kuongeza. Elmina alikuwa akilia neno moja, amenyoosha mikono juu ya bega la baba yake, na kwa kilio hicho Arasa aliweza kujua kwamba Celine bado anaonekana. Walipopanda kilima cha pili mtoto alilia kwa nguvu zaidi, kisha sauti ikakatika, akabaki anatetemeka. Arasa akajua njia nyuma yao ilikuwa tupu.